Sarafu Juu ya Msumeno

Haya hayakunikuta mimi, yalimkuta rafiki yangu Verlyn, fundi makabati wa hapa kwetu Iowa. Alinunua msumeno wa meza wa zamani, chuma kitupu, kwa mjane mmoja, Bi Ardith. Kwetu msumeno hupimwa kwa sarafu: unaisimamisha wima juu ya meza, unawasha, na isipoanguka umepata mashine.

"Marehemu mume wangu haikumwangukia hata siku moja, mwanangu," Bi Ardith alimwambia. Verlyn akaamini, akapakia.

Kwenye gereji yake sarafu ikaanguka. Akabadilisha mkanda wa mota, ikaanguka. Akakaza nati zote, ikaanguka tena.

"Bibi huyu kaniingiza mjini!" akafoka. Aling'oa mota akaibwaga sakafuni, akazima taa, akatoka na mkanda mkononi, akabamiza mlango.

Hajapiga hatua tatu, akausikia msumeno ukinguruma mle gizani.

Akarudi mbio akawasha taa. Mota ilikuwa pale pale sakafuni. Juu ya meza sarafu ilikuwa imesimama wima, na kando yake meno ya msumeno yalikuwa bado yanazunguka.