Australia Tuliyowaficha Mahasidi

Nina miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Unguja, na mji wangu wa ugenini ni Birmingham. Kwa miaka tisa niliishi Bordesley Green na mume wangu, ambaye hapa nitamwita Nassor. Siku hizi nakaa Perry Barr, chumba cha juu katika nyumba ya mwanamke mwenzangu. Yuko jikoni anakaanga visheti huku mimi nikiandika. Mtamjua mbele. Naomba msinicheke mapema, wasomaji wenzangu... nisubirini nimalize, kisha mkicheka tutacheka pamoja.

Nassor alikuwa dereva wa gari la mizigo. Leo Bristol, kesho Leicester, keshokutwa Manchester, na mara nyingi akilala huko huko. Mimi nilikuwa jikoni katika hospitali kubwa iliyo karibu na kwetu, napakua chakula cha wagonjwa. Mungu hakutujaalia mtoto. Ilifika mahali tunakula bila kusemezana, yeye macho kwenye televisheni na mimi macho kwenye sahani. Ndoa ilikuwa hai, lakini ilikuwa ikipumua kwa taabu!

Basi Jumapili moja akaingia na ramani kubwa ya Australia, akaitandaza juu ya zulia, akaniita, "Asha, njoo uchague."

Nichague nini? Akanieleza kwamba tutashukia Perth, tutanunua gari lenye kitanda ndani, tuivuke nchi ile yote mpaka Sydney, tukisimama popote roho inapotaka. Sisi wawili tu! Na tukiipenda nchi, tutabaki huko huko tuanze upya.

Jamani, mimi ni mwanamke ambaye hata Wales sijafika. Lakini siku ile nilipiga magoti juu ya zulia lile, na nilipoinuka nilikuwa mtu mwingine. Sikuwa nikiitaka Australia peke yake. Nilikuwa nikimtaka mume wangu, na ramani ndiyo iliyonirudishia.

Tangu hapo sikutulia tena. Nilikwenda maktaba kusoma kwenye kompyuta. Nikagundua kuna ziwa la rangi ya waridi... waridi kweli, kama maji ya rangi ya sharubati! Kuna uwanda usio na mti hata mmoja, barabara imenyooka ndani yake mpaka dereva husinzia kwa kukosa kona. Kuna majabali yamesimama baharini peke yao. Kuna kisiwa ambako pengwini hutoka majini jioni wakaenda kulala, wanapita mbele ya watu bila hofu.

Lakini kilichonichoma moyo hasa kilikuwa jabali moja jekundu lililokaa katikati ya nchi. Nikamwambia Nassor, hili lazima nilione. Akacheka, akaniwekea kidole pale kwenye ramani na kingine kwenye njia yetu. "Liko mbali mno na njia, mama. Tutapoteza siku bure." Nikakubali. Mke mwema si hukubali?

Siku zangu za mapumziko, nyumba ilinishinda. Nilikuwa natoka na chupa ya chai napanda basi namba kumi na moja, lile linalouzunguka mji mzima na kukurudisha pale pale ulipopandia. Nilikaa juu, mbele kabisa, najizoeza safari! Nikiona kiwanda nasema hilo ndilo jabali langu. Nikiona uwanja wa mpira nasema ule ndio uwanda. Watu wakipanda na kushuka, mimi nimo tu. Mtu mzima mimi...

Sasa mnaniuliza, mbona sikuwaambia watu? Mbona mashoga zangu hawakujua?

Hapo ndipo penye mkasa wangu. Kwetu safari haitangazwi. Ukimuuliza mtu unaondoka lini, atakujibu, "Mungu akijaalia," na begi liko nyuma ya mlango. Unakuja kusikia fulani kasafiri, na hapo yeye keshafika anakula wali wa wenyeji. Tunaogopa husda. Tunaogopa jicho. Jambo likisemwa kabla ya wakati wake, huharibika. Nimelelewa hivyo, na Nassor kalelewa hivyo, kwa hiyo aliponiambia, "Asha, hili tusimwambie mtu yeyote, hata dada yako," sikuona ajabu. Niliona mume mwenye busara! Ramani tukaikunja tukaiweka chini ya kitanda.

Nikaanza kusema uongo. Dada yangu Rukia aliyeko London akipiga simu kuniuliza mbona sauti yangu ina furaha, namwambia ni hali ya hewa. Hali ya hewa, Birmingham, mwezi wa Novemba!

Kila Jumamosi sisi wanawake tulikuwa na darasa la dini nyumbani kwa mwalimu wetu, Bi Raya. Darasani alikuwapo mwanamke mmoja anaitwa Zuhura, mtalikiwa, mpole, anakaa Perry Barr. Huyu mtu alikuwa na jambo lake nami. Kila Jumamosi ananiletea visheti ndani ya kopo, mimi peke yangu. Ananiandalia pa kukaa. Ananiita dada Asha kwa unyenyekevu kama mimi ndiye mama mkwe wake. Nami roho yangu ikanituma kwamba ana lake. Visheti nilikuwa navila, lakini nilikuwa nasoma Kul-audhu ya kujikinga kwanza!

Jumamosi moja Bi Raya akamaliza somo, akauliza kama kuna mwenye swali. Zuhura akanyanyua mkono. Akauliza, mtu akisafiri kwa gari siku nyingi, tuseme labda yuko Australia, ataelekea wapi kusali?

Kalamu ikanidondoka.

Bi Raya akatabasamu akaeleza vizuri. Akasema sisi hapa Birmingham kibla yetu iko upande linakochomoza jua, kwa sababu Makka iko mashariki yetu. Lakini aliyeko Australia, Makka imebaki magharibi yake, kwa hiyo ataelekea upande linakozama jua. Wanawake wakasema kumbe! Zuhura akanigeukia, akanitabasamia. Lile tabasamu nililichukia! Nilijua hasidi wangu ndiye huyu. Ametuchungulia, ametusikiliza, sijui kwa njia gani, na sasa ananionyesha kwamba anajua.

Nilirudi nyumbani mbio. Nikamwambia Nassor kwamba siri imevuja, Zuhura wa Perry Barr ameuliza habari za kusali Australia mbele ya darasa zima. Uso wake ukabadilika rangi. Hata sikupata nafasi ya kumweleza Bi Raya alijibu nini, kwani alinikatiza. "Si nilikwambia? Si nilikwambia watu wabaya?" Akawa anazunguka chumba kizima. Akasema hapa hapana kungoja tena. Yeye atatangulia, anunue gari, kisha aniletee tiketi. Mimi nikabidhi nyumba na niache kazi, niwe tayari.

Ndugu zangu, nilifanya yote aliyosema! Nilimpa mwenye nyumba notisi. Kazini niliaga bila kusema nakwenda wapi. Msimamizi wangu, mama mmoja wa Kijamaika, alinishika mkono akaniuliza kama niko salama. Nikamjibu niko salama kabisa. Nassor akaondoka asubuhi moja na begi dogo. Nilitaka kumsindikiza uwanja wa ndege, akakataa, akasema watatuona. Nikamsomea dua mlangoni, nikafunga mlango haraka, jirani asije akachungulia.

Basi nikangoja.

Mabegi mlangoni. Nayafungua, nayakunjua, nayafunga tena. Nguo za joto, nguo za baridi, sufuria ndogo ya chai ya njiani. Nassor alikuwa akipiga simu kwa namba isiyoonekana. Leo ameona gari zuri lakini injini mbovu. Wiki nyingine amefika kwenye lile ziwa la waridi kulijaribu gari, akasema ni zuri, akasema ananikumbuka. Kila nikiuliza tiketi, simu inakuwa mbaya. Na muda wa kuiacha nyumba ukawa unakaribia...

Na Zuhura naye hakuonekana darasani! Jumamosi ya kwanza nikasema anaumwa. Ya pili nikaanza kuhesabu siku. Ikanijia kwamba yuko naye! Wako wawili ndani ya gari lenye kitanda, kitanda changu, wanakula visheti katikati ya uwanda usio na mti! Sikulala. Sikula. Nitamwambia nani, na sikumwambia mtu tangu mwanzo?

Nikapanda namba kumi na moja. Safari hii sikuzunguka, nilishuka Perry Barr. Nilikuwa nimepanga maneno yote ya kuwaambia majirani zake, nijue ameondoka lini na ameondoka na nani. Nikagonga mlango.

Akafungua Zuhura mwenyewe!

Amekonda, macho yamevimba. Na nyuma yake, ukumbini... mabegi mawili na sufuria ndogo ya chai.

Tulitazamana. Kisha akalia, akanishika mikono. "Dada Asha, na wewe hajakuchukua?"

Nilikaa chini pale pale. Akanieleza yote. Nassor alimuoa kwa siri, ndoa ya kimya kimya huko London, mwaka na zaidi. "Wallahi dada, alinambia wewe unajua. Alisema umeridhia, but unaona haya, so nisikutaje hata siku moja. Ndo mana nikikuletea visheti. Nilikuwa nataka kukuheshimu kama mke mkubwa." Yeye akiambiwa kwamba mimi sipendi safari ndefu, kwamba Australia ni yake yeye. Na asimwambie mtu, wala asitoke kwenda darasani mpaka tiketi yake ifike, kwa sababu ya husda!

Nikamuuliza kitu kimoja tu. Nikamuuliza, je, jabali jekundu?

Akasema ndiyo, jabali jekundu walilipangia siku mbili.

Mnaweza kuniona mjinga. Lakini katika yote yale, ndoa ya siri, uongo, nyumba... hilo la jabali ndilo lililonitoa machozi. Nililia pale kwenye zulia la watu. Kwa mwenzangu halikuwa mbali na njia!

Tukiwa bado tumekaa, simu yangu ikalia. Namba isiyoonekana. Zuhura akaniziba mdomo, akaninong'oneza nisimtukane. Nikaweka spika. Nassor akanisalimu vizuri, akasema yuko njiani, jua kali, mbele yake kuna kangaruu wamekaa kando ya barabara. Sijui maneno yale yalinitoka wapi. Labda Mungu alinikumbusha tu.

"Nassor, huko ukisali unaelekea wapi?"

"Maswali gani haya, Asha? Naelekea kibla."

"Kibla iko wapi huko? Linakochomoza jua au linakozama?"

"Linakochomoza, si kama siku zote? Mbona unani-test?"

Zuhura akainama juu ya simu, akasema taratibu kabisa, "Nassor. Huko ni linakozama."

Simu ikakatika!

Hakufika Australia. Hakufika hata uwanja wa ndege. Kangaruu, ziwa la waridi, injini mbovu... vyote alikuwa akivitoa kichwani akiwa amejipumzisha mahali, wallahi nikiwaza hivyo mpaka leo damu inanichemka.

Jumamosi ya wiki ile mimi na Zuhura tuliingia darasani tumeshikana mikono, tukasema kila kitu mbele ya watu. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke. Lakini sikilizeni. Mambo niliyoyaficha zaidi ya mwaka, wale wanawake waliyamaliza kabla ya Jumamosi iliyofuata! Huyu ana binamu Leicester, yule ana shoga yake Bristol, Bi Raya ana mkwe kila mji. Nassor akapatikana Leicester, nyumbani kwa mjane mmoja, amekaa juu ya zulia na ramani. Ramani ya Canada! Wanapanga kuivuka kwa gari, na mjane ameshaambiwa asimwambie mtu.

Mjane yule tulimwambia sisi. Alitushukuru, akatulilia kwenye simu.

Talaka zetu tulizidai sote wawili, tukazipata. Nyumba yangu ilikuwa imeshapewa familia nyingine, na kazi yangu imepata mtu. Siku ya kutoka Bordesley Green nilisimama kando ya barabara na yale mabegi ya Australia, sijui niyapeleke wapi. Rukia, niliyempigia simu mwishowe nikamwambia yote, alikuwa anakuja kutoka London, lakini kabla hajafika, teksi ikasimama. Alikuwa Zuhura. Akasema chumba cha juu ni kitupu, na hakunipa nafasi ya kujibu, akaanza kupakia. Mwanamke niliyekuwa namsomea Kul-audhu!

Bado sijatulia, nisiwadanganye. Siku nyingine naamka nikitaka kwenda, sijui wapi. Zuhura naye ni hivyo hivyo. Basi tunachukua chai yetu tunapanda namba kumi na moja, tunakaa juu mbele, tunabishana jabali letu ni jengo gani.

Dada zangu, wadogo zangu, nawaomba. Husda ipo, sikatai, na kinga yake ni dua. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai. Mume akikwambia jambo zuri, kisha akakwambia usimwambie hata dada yako, mpigie dada yako siku ile ile! Likiwa jema, atakuombea dua. Likiwa ovu, utakuwa na mtu wa kukushika mkono. Mimi niliwakimbia watu nikidhani nakimbia jicho, nikamwachia njia mtu mmoja afanye alivyotaka.

Zuhura ananiita chini, visheti vimeiva. Anauliza naandika nini mchana kutwa, na nani atakayesoma. Nimefungua mlango nikamjibu kwa sauti, mpaka jirani asikie: watu wote!