Aliyegonga kutoka Ndani

Corinne Maki aliketi kwenye benchi la mapokezi kufunga kamba za buti zake, na suruali yake ikalowa. Akainuka, akapapasa. Maji ya baridi, kama ya theluji iliyoyeyuka kwenye nguo za mtu. Lakini hakuna mtu aliyeketi pale tangu mlango wa kituo cha polisi cha mji wa Halvorsen uwekewe kufuli jipya, na kipasha joto kilichokuwa ukutani hapo hapo kilikuwa kikiunguruma kwa moto.

"Lyle," alimwita mwenzake kwa sauti ya chini. "Hebu njoo unuse hapa."

Lyle Sorvari aliinama. Sufu iliyolowa, moshi wa kuni, na dawa ya kifua yenye kafuri. Akanyoosha mgongo polepole.

"Ni Verna," alisema.

"Usiseme hivyo. Verna tumemzika juzi."

"Nimekwambia harufu ni yake. Sijasema zaidi."

Verna Pruitt alikuwa mmoja wa watu waliolala kwenye mahema chini ya daraja la reli. Lyle alimjua miaka mingi. Alikuwa polisi mtu mzima, mchache wa maneno, na kila baridi ilipokuwa kali aliuacha mlango wa mapokezi wazi, akazima taa ya mbele ili wapita njia wasiwaone waliojilaza ndani. Mkewe alipika supu ya samaki, naye aliigawa kwa kunong'ona, kama mtu anayeuza magendo. Chini ya kiti cha gari la doria alificha soksi za sufu. Corinne naye alikuwa na ujanja wake. Akimkuta mzee anatetemeka barabarani humwambia, "Uko chini ya ulinzi kwa kosa la kupiga chafya hadharani," kisha humpeleka mahabusu akalale kwenye godoro, na asubuhi humwachia akiwa amekunywa kitu cha moto. Hawakumwambia mtu. Walitenda wema wao kama wezi.

"Afande, supu leo haina chumvi," Verna alikuwa akimtania Lyle. "Umegombana na mama nyumbani?"

"Kunywa, Verna, acha umbea."

"Nakunywa. Lakini mwombe radhi, maana tunaoumia ni sisi."

Kisha wenye maduka wakalalamika kwamba wateja wanakerwa na mahema. Akaletwa mkuu mpya wa kituo, Grady Haskett, mtu wa viatu vinavyong'aa. Mahema yalibomolewa mchana kweupe, katika baridi ya kupasua midomo, na mablanketi yakatupwa kwenye lori la taka huku wenyewe wakitazama. Fundi akaweka kufuli. Haskett akampa Lyle ufunguo.

"Hiki ni kituo cha polisi, si nyumba ya wageni. Kuanzia leo, kabla hujatoka zamu, unafunga."

Lyle alikuwa na mengi kooni. Angeweza kusema huko nje mtu hafiki asubuhi. Angeweza kumtupia ufunguo mezani.

"Sawa, mkuu," alisema. Akafunga, akaenda nyumbani, akala, akalala.

Asubuhi yake Verna alikutwa ameketi nje, mgongo ukiwa umeegemea mlango, theluji imemfika kifuani. Haskett, aliyebaki zamu ndani usiku kucha, aliwaambia waandishi wa habari kwamba marehemu alipewa msaada akaukataa. Halmashauri ya mji ikatuma maua. Watu waliokuwa wakimruka Verna kando ya njia kama takataka walisimama makaburini wakifuta macho, na Lyle akawatazama mmoja mmoja.

Baada ya benchi, kikaja kikohozi. Kilitoka mahabusu, chumba kikiwa kitupu, kikohozi kirefu cha kifua kilichojaa. Corinne alikwenda mara ya kwanza, akakuta godoro limebonyea. Mara ya pili hakwenda. Kahawa ya Haskett ikaganda barafu kikombeni, juu ya meza iliyo kando ya kipasha joto.

"Bomba limepasuka mahali," alisema Haskett. "Iteni fundi."

"Mkuu," Corinne alinong'ona, "bomba halikohoi."

"Nani amekuuliza?"

Alasiri ya dhoruba, wakati jua la Januari, ambalo huko kaskazini huzama mapema, limekwisha kutua na mji mzima ni upepo na weupe, walikuwa watatu ndani. Lyle alifunga mlango kama alivyoagizwa. Kabla hajautoa ufunguo, mlango ukagongwa. Taratibu, kwa kiganja, kama anavyogonga mtu ambaye vidole vyake vimekwisha kufa ganzi. Lyle alichungulia kwenye kioo, akaona theluji tupu, nyayo hakuna. Kisha akatambua kwamba sauti ile haikuwa ikitoka upande wa pili wa mlango bali upande huu, usawa wa goti lake, pale ambapo angeketi mtu aliyechoka kusimama, na kila kiganja kilipogonga harufu ya moshi na kafuri ilizidi, taa zikafifia, kioo kikaota barafu kwa ndani, na kitu kisichoonekana kikainuka kwa shida sakafuni, kikampita Lyle ubavuni kikiburuta nguo zilizolowa, kikaelekea, kikiacha maji nyuma yake, kwenye ofisi ya Haskett iliyokuwa wazi.

Haskett hakupiga kelele. Alivuta pumzi kwa ghafla tu, kama mtu aliyetumbukizwa kwenye maji ya baridi. Walipofika walimkuta ameketi sakafuni, mabega yamejikunja, midomo ya buluu, anafungua kamba za vile viatu vyake vinavyong'aa kwa vidole visivyokunjika. Akakohoa. Kikohozi kilikuwa kile kile.

"Fungueni," alisema, na sauti haikuwa yake. "Fungueni, jamani, ni mimi."

"Amempanda," Corinne alinong'ona. "Lyle, atamuua."

Lyle alimtazama mkuu wake akitetemeka, na hakusogea. Ndani ya hasira yake kulikuwa na sehemu iliyosema: mwache.

Ni Corinne aliyekimbia kwenye dhoruba mpaka chumba cha chini cha kanisa, walikohifadhiwa watu wa mahema tangu kifo cha Verna, akarudi na Eulalie Fontenot. Mama huyu alitoka Louisiana, kwao wanakotibu kwa dua na kwa mikono, na hema lake lilipakana na la Verna. Alisimama kizingitini, hakuingia.

"Juzi nilikuwa uchafu wa kufagiwa," alisema. "Leo mimi ni mganga?"

"Mama, tafadhali," alisema Corinne.

"Kwanza huo mlango ufunguliwe wote. Sifanyi kazi ndani ya mlango uliomuua dada yangu."

Lyle aliusukuma mpaka ukutani. Upepo ukaingia na theluji yake. Eulalie akapiga magoti mbele ya Haskett, akamwekea kiganja kifuani, akasema maneno ya kwao kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Verna, unataka nini? Mshumaa? Sala?"

Kinywa cha Haskett kikacheka kwa kukohoa. "Sala ninayo. Huyu nilimgongea akanisikia. Akaongeza sauti ya redio." Kichwa kikageuka taratibu, macho yakamtafuta Lyle. "Lakini ufunguo aliuzungusha yule. Njoo, afande."

Lyle alisogea. Mkono wa baridi ukamshika mkono wa kulia.

"Soksi zako zilikuwa za joto," ile sauti ilisema. "Nimekufa nimezivaa."

Lyle alijaribu kuuvuta mkono wake, ukabanwa zaidi.

"Supu uliniletea kwa kunong'ona, nikashukuru. Mlango nao ukaufunga kwa kunong'ona. Sasa sema, wasikie."

"Waambie nini, Verna?"

"Unajua."

Mkono haukumwachia, ikabidi amburute Haskett pamoja naye mpaka kwenye redio ya polisi, ile inayosikika kwenye kila gari la doria na kila kituo cha wilaya. Akabonyeza kitufe.

"Hapa ni Sorvari, Halvorsen," alisema, na sauti yake, ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia ikipanda, ilipanda. "Verna Pruitt hakukataa msaada. Aligonga mlango wetu. Mkuu Haskett alikuwa ndani, akamsikia, akamwacha. Mlango niliufunga mimi. Niliambiwa nifunge, nikasema sawa. Nilijua atakuja, kwa sababu kila mwaka nilimfungulia mimi mwenyewe. Nilijua, nikafunga."

Akaachia kitufe. Vidole vilivyomshika vikalegea. Haskett akaanguka kifudifudi, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe.

Eulalie aliinuka, akapangusa magoti.

"Amekwenda?" Lyle aliuliza.

"Ametoka kwa huyu."

"Na mimi? Amenisamehe?"

"Hilo sikumuuliza," alisema Eulalie. "Na wewe usiniulize mimi."

Haskett alihamishiwa mji mwingine, akapewa cheo kikubwa zaidi; ndivyo wanavyotendewa watu kama yeye. Lyle alifukuzwa kazi kwa kukiaibisha kituo. Corinne alibaki, na mlango wa mapokezi haukufungwa tena, kwa sababu kufuli liligoma kushika, na kila fundi aliyeletwa aliuweka mkono kwenye kitasa, akaufunga mkoba wa vifaa vyake, akaondoka.

Siku hizi Lyle hupeleka supu mchana, katikati ya barabara kuu, mbele ya maduka, akiita watu kwa majina yao kwa sauti kubwa, na mwenye duka akitoka kulalamika humjibu mbele ya wateja mpaka arudi ndani. Mkono wake wa kulia haujapata joto tangu siku ile. Madaktari wanasema damu inapita vizuri, hawaoni ugonjwa. Waliofika karibuni, wanaomwita afande kwa kufuata wenyeji tu, hupokea bakuli na kushtuka vidole vinapogusana.

"Afande, mkono wako."

"Najua," huwaambia. "Kunywa kabla haijapoa."