Risasi Aliyoipiga Mchumba

Mjeledi ulimpata Aqqalu shavuni kabla hajavua kofia. Wa pili ukampata shingoni. Hakuinua mkono kujikinga.

"Umemfungua mwenyewe," Paninnguaq alisema, "kisha ukampiga risasi."

"Kumpiga nimempiga. Sikumfungua."

"Mnyororo ni mzima, Aqqalu. Kishikizo kimefunguliwa na vidole vya mtu."

Kando yao, kwenye theluji iliyogeuka nyekundu, alilala Tulugaq, mbwa mweusi aliyeongoza wenzake kuvuta sleji ya Paninnguaq juu ya theluji kwa misimu mitano. Katika mji wao wa kaskazini mwa Greenland, mbwa akionekana akizurura bila mnyororo hupigwa risasi, awe wa nani. Mwaka ule bunduki ya kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Aqqalu, na harusi yao ilibakiza wiki tatu.

Sababu ya kumshuku Paninnguaq alikuwa nayo. Tangu baridi ianze, Aqqalu alikuwa akimwomba auze mbwa wanunue pikipiki ya theluji. Jumapili waligombana tena juu ya hilo, mama yake Aqqalu akiwatazama, supu ya nyama ya sili ikipoa mezani. Na dakika kumi zilizopita uliingia kwenye simu yake ujumbe kutoka kwa Ujarneq, binamu yake Aqqalu, aliyekuwa akivua samaki na Paninnguaq barafuni msimu mzima:

"Pole shemeji. Asubuhi nimemwona Aqqalu akimfungua Tulugaq. Huyo si wa kuolewa naye."

Paninnguaq alimsukumia Aqqalu simu usoni. Aqqalu akasoma, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Pani, huyu mbwa aliwahi kuniacha nimguse?"

Paninnguaq akageuka kumtazama Tulugaq.

Aqqalu akaonyesha kidole kilichobaki nusu. "Mwaka jana nilimpelekea nyama, akala na hiki. Leo alikuwa hatua chache tu kutoka kwa watoto wa chekechea. Ningeweza kumshika shingo ningemrudisha kwako. Nimepiga kwa sababu mimi simshiki."

Mjeledi ukashuka. Waliokuwa wakimshika Tulugaq walikuwa wawili tu duniani: Paninnguaq mwenyewe, na Ujarneq, aliyemlisha mwezi mzima Paninnguaq alipolazwa na homa ya mapafu.

Paninnguaq alimwambia Aqqalu abaki pale, akateremka peke yake hadi ufukweni walikofungwa mbwa wake. Waliobaki walikuwa kumi na mmoja, na kwa kuwa hawakuwa na mkubwa tena, walikuwa wakiraruana masikio. Ujarneq alikuwa pembeni na ndoo ya vichwa vya samaki, kaja kumsaidia shemeji. Paninnguaq alimwomba kwa upole amweleze alivyoona. Akaeleza kwa raha zake: alipita saa tatu, akamwona Aqqalu kapiga magoti, kamshika mbwa shingo, na mbwa anamlamba.

"Anamlamba," Paninnguaq alirudia.

"Kama kitoto, shemeji."

"Tulugaq amlambe Aqqalu."

Tabasamu likamkauka Ujarneq. Akaitua ndoo.

"Mimi nisingekwambia uuze hata mmoja," alisema. "Miezi minne barafuni, hema moja, birika moja la kahawa. Hukuona kitu?"

"Niliona mvuvi mwenzangu."

Ujarneq alimkaba ukosi wa koti akamtikisa hadi meno yakagongana. Paninnguaq akampiga puani na mpini wa mjeledi. Ujarneq akarudi nyuma, kisigino kikanasa kwenye mnyororo, akaanguka chali katikati ya mbwa.

Kule mtoto hufundishwa kutoanguka mbele ya mbwa kabla hajajua kufunga viatu. Walimjia wote waliomfikia.

Kwa kitambo cha pumzi moja, Paninnguaq alisimama tu akitazama. Alitaka wamalize. Kisha akaingia, akipiga kushoto na kulia, mmoja akimng'ata paja. Aqqalu, ambaye hakubaki alikoambiwa abaki, alifyatua risasi mbili hewani, akamshika binamu yake miguu, akamvuta nje.

Helikopta ilimchukua Ujarneq akiwa na sikio moja. Polisi walipomhoji alikiri kwa kuandika, maana taya lilikuwa limefungwa bandeji, kwamba ndiye aliyemfungua Tulugaq ili harusi ivunjike.

Jioni Aqqalu alikuja akasimama mlangoni. Alisema kesho anarudisha bunduki, wamtafute mtu mwingine.

"Usirudishe," Paninnguaq alisema, mguu wake uliofungwa bandeji ukiwa juu ya kiti. "Wale watoto leo wangekuwa wapi? Mbwa wangu akifunguka tena, piga. Ila uje uniambie kwa mdomo wako, siku ileile, kabla ya ujumbe wa mtu yeyote."

"Nitakuja."

"Na shavu hilo, nisamehe."

"Linauma," Aqqalu alisema. "Nimekusamehe, lakini linauma."

Walioana wiki tatu baadaye, bibi harusi akichechemea. Asubuhi iliyofuata Aqqalu alileta mbwa wake wanane ufukweni, wakawaachia wote pamoja wapigane, kwa kuwa kundi lisilo na mkubwa halivuti sleji. Manyoya yaliruka, theluji ikachafuka damu. Hawakuingilia. Mwishowe dume mmoja wa kijivu, wa Paninnguaq, alibaki amesimama juu ya wenzake, anahema.

"Kamshike shingo," Paninnguaq alimwambia mumewe.

"Mimi?"

"Piga magoti. Usimkazie macho. Mpe muda."

Aqqalu akavua glavu, akapiga magoti kwenye theluji.