Madole Arobaini na Mawili

"Wino huo urudishe ulikotoka, mwanangu."

Shangazi Mwanapili alikisukuma kikopo cha wino kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza chakula kilichochacha. Nyuma yake, kwenye mikeka, wanawake wa Vanga walikuwa wamekaa na leso zao mabegani. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Subira alikuwa ametoka Ukunda asubuhi na mapema, fomu arobaini na mbili mkobani, akijiambia kwamba kwao ni kwao, hawezi kukataliwa.

"Shangazi, hii si karatasi ya shamba. Ni ridhaa tu. Inasema mmekubali kunisimulia mlivyojifungua, basi."

"Na babu yako Mwero aliambiwa ni karatasi ya mahindi ya msaada. Akatia dole. Mahindi alikula mwezi mmoja, shamba la minazi halikurudi mpaka anaingia kaburini. Wewe umesoma kwa ajili ya nani kama hilo hulijui?"

"Nalijua, shangazi."

"Basi. Uliza utakalo, tutakujibu mpaka koo zikauke. Mdomo wetu huu hapa. Dole hatutii."

Subira alikuwa muuguzi. Miaka sita alikuwa amepokea kina mama wa vijiji vya mpakani wakifikishwa wamechelewa, wengine wakiwa wameshaaga njiani, na kila mara aliulizwa na wakubwa, "Mbona hawaji mapema?" kana kwamba ni ukaidi. Ndipo akaamua kuandika andiko la utafiti la kuombea fedha: kina mama wa Vanga wanachelewa wapi, saa ngapi, kwa nini. Wafadhili walikuwa wameonyesha nia. Walichotaka ni utafiti mdogo wa majaribio uambatishwe, na kila aliyehojiwa awe ametia sahihi au dole.

Kwenye mkeka wa mbele, msichana mwenye mimba ya miezi minane alicheka kidogo. Jina lake Dama, mimba ya kwanza, uso bado wa kitoto.

"Mimi niandike wa kwanza, dada Subira. Andika Dama anasema hivi: siogopi uchungu, naogopa barabara."

Wanawake wakacheka. Subira akaandika. Siku mbili alikaa Vanga akiandika, akawamaliza wote arobaini na wawili, na fomu zikarudi Ukunda kavu kama zilivyokwenda.

Mradi ulikuwa chini ya Dakta Faith, mama wa bara mwenye ofisi ndogo ya utafiti pale Ukunda. Alipopewa habari hakukasirika, alichoka tu.

"Ridhaa ya mdomo inakubalika, Subira, lakini lazima kamati ya maadili ipitishe kwanza. Hiyo ni wiki tatu. Andiko linaenda Ijumaa ijayo saa kumi na moja jioni. Tukikosa, ni mwaka mwingine."

"Mwaka mwingine ni kina mama wangapi, Dakta?"

"Si mimi nimepanga. Rudi uongee na hao wamama vizuri, watasaini tu."

"Nitakwenda mimi," akasema Mbwana.

Mbwana ndiye aliyekuwa mtu wa takwimu pale ofisini, na ndiye aliyemposa Subira. Kijana wa Msambweni, mpole, hodari wa kazi, asiyependa kumwona mtu akikosa raha. Siku watu wake walipoleta barua ya posa nyumbani kwa kina Subira, alijitia uungwana akataka kuwachongea wazee madafu yeye mwenyewe. Panga likamteleza likampasua dole gumba la kushoto. Subira akamfunga kwa pindo la leso yake mbele ya wageni wote, wanawake wakapiga vigelegele, na jeraha likapona na kuacha kovu la mshazari upande wa ndani wa dole, kutoka nchani hadi chini. Kila Subira alipoona kovu lile alitabasamu. Nikaha ya ndoa yao ilikuwa imepangwa mfungo mosi, baada ya Ramadhani.

"Wewe nenda Kwale kafuate barua ya kibali cha kaunti," Mbwana alimwambia. "Vanga niachie. Mimi ni mkwe, hawatanikatalia."

Jumanne jioni ujumbe ukaingia kwenye simu.

*Habibti, kazi imekwisha. Wote wametia dole. Shangazi anakusalimu. Kula ulale.*

Subira aliusoma mara tatu. Alilia kwa furaha, akamjibu: *Mungu akuweke. Sijui ningefanya nini bila wewe.*

Masikini, hakujua.

Alhamisi asubuhi alikuwa ofisini akipanga viambatisho, andiko limekamilika, limebaki la kutumwa. Simu ikalia. Shangazi Mwanapili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nimekutafuta, mwanangu. Stima imekatika tangu Jumapili ile mvua iliposhuka, simu ikazimika. Umekaa?"

"Nimekaa."

"Dama hatunaye."

Subira aliweka viambatisho chini.

"Uchungu ulimshika Jumatatu alfajiri. Mumewe akampakia kwenye pikipiki, mama yake nyuma. Wakafika pale barabara ilipokatika, maji yanapita kiunoni. Wakamlaza pembeni wasubiri yapungue. Akafia palepale, na mtoto tumboni. Tumemzika Jumanne, alasiri."

"Inna lillahi," Subira akanong'ona. Kisha akakunja uso. "Shangazi, Jumanne Mbwana si alikuwa huko? Mbona hakuniambia?"

"Mbwana yupi?"

"Mbwana wangu. Alikuja na zile fomu."

"Mwanangu, huku hajaingia mtu tangu Jumapili. Barabara imefunguka leo. Angepita wapi, angani?"

Simu ilipokatika Subira alivuta faili. Fomu ya Dama ilikuwa juu kabisa, kwa kuwa alitaka kuandikwa wa kwanza. Jina. Tarehe ya Jumanne. Na chini, dole jeusi, safi, na katikati yake mstari mweupe umepita mshazari.

Akafunua ya pili. Mstari uleule. Ya tatu. Ya kumi. Akazifunua zote hadi ya Shangazi Mwanapili, na zote zilikuwa na kovu.

Mbwana aliingia amebeba chai na mahamri na mbaazi. "Bibi harusi amekula?"

"Nipe mkono wako wa kushoto."

Alicheka. "Pete unavaa wewe, si mimi."

"Nipe, Mbwana."

Alipouona uso wake aliweka chai chini. Subira akalichukua dole lile akaliweka kando ya dole la kwenye karatasi.

"Siku ulipojikata, nani alikufunga?"

"Wewe."

"Basi unadhani sitalijua kovu hili? Liko hapa mara arobaini na mbili."

Mbwana alikaa. Akaanza kusema haraka haraka.

"Nilikwenda, wallahi nilikwenda. Nilipita Lunga Lunga, nikafika pale palipokatika. Nikasubiri mpaka adhuhuri. Nikasema, hawa wameshakubali kwa vinywa vyao, kilichobaki ni wino tu. Sijawaibia kitu, Subira. Nilirudi Lunga Lunga, nikaingia mkahawani..."

"Ukatia na la Dama."

"Nilitia yote."

"Saa ngapi?"

"Mambo ya alasiri. Kwani?"

"Alasiri ya Jumanne Dama alikuwa anashushwa kaburini. Alifariki Jumatatu. Ng'ambo ya maji yale uliyosimama ukiyatazama, ndipo alipolazwa akafa."

Mbwana akafunika uso kwa mikono. Alilia kweli, si kwa kuigiza, na Subira alitamani kumshika kichwa. Alijizuia, mikono yake akaikalia.

"Nilifanya kwa ajili yako," alisema Mbwana. "Nilikuona unavyokosa usingizi. Nisingeweza kukuletea fomu tupu."

"Ungeniletea tupu, ningekupenda vilevile."

"Sikiliza basi. Sikiliza kama muuguzi, usisikilize kama mchumba. Dama kauawa na barabara. Andiko hili ndilo litakaloonyesha hivyo. Ukilizuia, mwaka mzima mwingine watakufa kina Dama wengine. Toa fomu yake moja, tuma arobaini na moja. Nani atajua?"

Hapo ndipo palipomchoma Subira, kwa kuwa Mbwana alikuwa na ukweli. Mama aliye na mimba leo Vanga hana haja na uaminifu wa mtu, ana haja na barabara. Subira alitazama tarakilishi, andiko likiwa limefunguka, kurasa zake thelathini alizoandika kwa miezi saba.

"Watajua wao," alisema hatimaye. "Siku atakapokuja mtu kuwaonyesha karatasi na kuwaambia, si mlitia dole nyinyi? Watasema hatukutia. Nani atawaamini? Nani alimwamini babu yangu? Na aliyewauza safari hii atakuwa mimi, mtoto wao."

"Mimi si mnyang'anyi wa mashamba."

"Aliyemchukulia babu naye hakujiita mnyang'anyi. Alijiita msaidizi."

Akampigia Dakta Faith, akamweleza yote.

"Nani mwingine anajua?" Dakta akauliza.

"Mimi na wewe na yeye."

"Ningependa usingeniambia," alisema Dakta Faith. "Lakini umeniambia. Bila majaribio andiko halisimami. Liondoe. Na huyo kijana aache funguo mezani."

Subira akafungua barua pepe ya wafadhili, akaandika mistari minne ya kuliondoa andiko na kueleza sababu.

"Subira," Mbwana akasema taratibu. "Ukituma hiyo, nimekwisha. Hakuna ofisi ya utafiti Kenya hii itakayonichukua."

"Najua."

"Na nikaha?"

Subira akatuma. Mbwana aliweka funguo mezani, akatoka, na mahamri yakabaki pale yakipoa.

Siku tatu simu ya Subira haikunyamaza, Mbwana akipiga. Usiku wa nne ukaingia ujumbe mmoja mfupi.

*Nataka kuja kukuomba radhi. Niruhusu.*

Subira aliutazama hadi macho yakauma. Alimpenda bado, hilo ndilo lililomtesa. Akaandika: *Radhi yangu si ya kwanza. Kesho ni hitma ya Dama. Nenda Vanga.*

Hitma, kisomo cha kumwombea marehemu, ilisomwa kwa kina Dama. Wanawake walipomaliza kula, Subira alisimama katikati ya mikeka ileile, mkoba mkononi, akawaambia bila kuzunguka. Kwamba walikataa kutia dole. Kwamba walitiliwa. Kwamba karatasi hazikufika popote, amezirudisha zote, na mradi umekufa. Hakumtaja aliyefanya.

Shangazi Mwanapili aliipokea yake, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso.

"Safari hii karatasi imerudi," alisema. "Angalau."

Mmoja mmoja wakachukua zao. Ikabaki moja, Subira akataja jina: Dama. Mamake Dama alinyoosha mkono kutoka pale alipokaa ukutani. Tangu asubuhi hakuwa anasikiliza. Alichokisikia ni jina la mwanawe tu.

"Hii ni ya Dama?"

"Ndiyo, mama."

Mama yule hakujua kusoma. Aliligeuza lile dole jeusi kwenye mwanga, akalipapasa.

"Hili ni dole lake? La mwanangu?" Macho yakamjaa. Akaikumbatia karatasi kifuani. "Sina picha yake hata moja. Nilidhani hakuacha kitu."

Subira angeweza kunyamaza. Nani angemlaumu? Mkeka mzima ulimtazama, na Shangazi Mwanapili akatikisa kichwa kidogo sana, na haikujulikana anamaanisha sema au usiseme.

"Mama," Subira akaanza.

"Si lake, mama." Sauti ilitoka mlangoni. Mbwana alikuwa amesimama pale amevua viatu, kofia mkononi. "Ni langu."

Akasogea, akapiga magoti, akaweka mkono wake wa kushoto sakafuni mbele ya yule mama, kovu juu. Mama akatazama karatasi, akatazama dole, akatazama karatasi tena.

"Ulimjua mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Hata sura?"

"Sikuwahi kumwona."

"Basi ulimsemea nini?"

Mama akamrudishia karatasi taratibu, bila hasira, kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake.

Subira alimfuata Mbwana hadi nje. Walisimama kwenye jua kali, kila mmoja anatazama pake.

"Umefanya vizuri kuja," alisema Subira.

"Kuna siku utanisamehe?"

"Nimekusamehe. Lakini nitakuuliza habari ya kila kitu, Mbwana. Ukiniambia watoto wamekula, nitakwenda kuchungulia sufuria. Hiyo si ndoa."

Akavua pete, akaiweka kwenye kiganja cha kushoto cha Mbwana, akamfumba vidole. Kishika uchumba wazee wangerudisha kwa wazee. Mbwana aliondoka kwa miguu kufuata barabara ile mbovu, na Subira hakumwita.

Aliporudi ndani, mamake Dama alikuwa amejisogeza mbele ya mkeka, mahali alipokuwa akikaa mwanawe.

"Kalamu unayo?"

"Ninayo, mama. Lakini mradi haupo tena. Wafadhili mpaka mwakani, kama watataka."

"Mimi sikukuuliza mradi. Kaa."

Subira akakaa, akafungua daftari.

"Andika. Dole sitii, ila jina langu liweke. Tulitoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Pale penye maji tulifika jua limetoka, na mwanangu bado anazungumza." Akainama kuitazama kalamu. "Umeandika hapo? Andika bado anazungumza."