Mkate wa Tursyn

Kila Ijumaa asubuhi, kabla Togzhan hajafunga viatu vya shule, nyumba yao huwa imeshajaa harufu ya mafuta. Bibi Zeinep hukaanga mikate saba myembamba, huiombea dua huku akiwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, kisha huigawa kwa majirani. Kabla ya dua haiguswi. Togzhan alilijua hilo tangu hajaota meno, ndiyo maana kosa lake la Ijumaa ile halina utetezi.

Siku hiyo darasani kulikuwa na mdahalo: je, mema ya serikali ya zamani ya Kisovieti yalizidi mabaya yake? Mshindi angepelekwa wilayani. Togzhan, mwenye miaka kumi na miwili na ulimi mwepesi, alipangiwa upande wa mema, na alitaka kushinda kufa na kupona. Bibi alipotoka kumfungulia ng'ombe, Togzhan akachukua mikate mitatu, akaifunga kwenye karatasi na kutoka mbio.

Mbele ya wenzake aliweka mizani aliyoazima dukani. Mkate wa kwanza, shule. Wa pili, hospitali. Wa tatu, reli. Upande mwingine akaweka konzi moja ya ngano: njaa kuu ya mwaka 1932, enzi ya serikali hiyo. Mikate ikashuka. Akaeleza kuwa mama yake Bibi, marehemu Raushan, ambaye picha yake imetundikwa ukumbini, alisomeshwa na serikali hiyohiyo akawa mwalimu wa kwanza wa kike kijijini. Mpinzani wake, Ermek, alisema hata kondoo hunenepeshwa kwanza ndipo achinjwe, lakini makofi yakamzima.

Jioni alimkuta Bibi amekaa mbele ya sahani yenye mikate minne iliyopoa. Togzhan akakiri, na kwa kujitetea akasimulia jinsi alivyoshinda. Bibi hakufoka. Afadhali angefoka.

"Nani alikwambia uweke konzi ya ngano?"

"Hakuna, Bibi. Nilitaka tu kitu kidogo."

Basi Bibi akamsimulia. Mwaka ule Raushan alikuwa na miaka minane. Mifugo yote ilikuwa imechukuliwa na serikali. Mama yake aliokota masuke yaliyosalia shambani baada ya mavuno, konzi moja, akafungwa kwa wizi. Raushan akambeba mdogo wake kwenda stesheni kutafuta chakula, mwendo wa siku mbili. Mtoto aliitwa Tursyn, yaani "na abaki", kwa sababu wazazi walikwisha kuzika watoto wawili kabla yake. Hakubaki. Raushan alimfunika kwa nyasi kando ya njia, maana hakuwa na nguvu ya kuchimba. Huko stesheni akaokotwa, akapelekwa kwenye nyumba ya yatima, akalishwa na kufundishwa kusoma.

"Aliwashukuru walimu wake mpaka anaingia kaburini," Bibi alisema. "Na kila Ijumaa alikaanga mkate wa saba, wa Tursyn, akilia. Sikumsikia hata siku moja akisema kwamba hiki kimelipa kile."

Togzhan aliuliza kwa sauti ndogo ni upi kati ya ile mitatu uliokuwa wa Tursyn.

"Sijui, mama. Ilikuwa bado haijatajiwa majina."

Usiku ule Togzhan alilia mpaka usingizi ukamchukua.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa, akasema mizani yake ilikuwa ya uongo, akawasimulia habari za Tursyn, na akaomba jina lake liondolewe kwenye safari ya wilayani.

"Kosa la kwanza ni langu niliyewauliza kipi kizito zaidi," alisema Mwalimu Sabira, aliyeupanga mdahalo. "Nchi ikitutendea mema, tuishukuru. Ikitenda dhuluma, tuiseme, na waliokufa tuwataje. Wema hauwezi kulipia maiti ya mtoto, na msiba hautuzuii kushukuru. Kila kimoja kina sahani yake."

Ijumaa iliyofuata Togzhan aliamka kabla ya Bibi, akakanda unga. Mkate wa saba uliungua pembeni. Bibi aliwataja marehemu sita, kisha akamsogezea sahani ataje wa saba.

"Tursyn," alisema Togzhan.

Bibi akaitikia amina, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba chake.