Nusu ya Uso wa Rukundo

"Rukundo! Baba anauliza hiyo ni video ya posa ama ya jambazi anayetafutwa na polisi!"

Kerubo alikuwa mlangoni, theluji bado mabegani. Alikuwa ametoka shifti ya uuguzi Saint Paul moja kwa moja hadi kwenye kistudio cha Rukundo pale mtaa wa Frogtown, anakopigia picha harusi za Wakongomani wenzake.

"Wameshaiona?"

"Kisii nzima imeiona! Soma hii ya Mama."

*Kerubo, mbona huyu kijana ana nusu ya uso? Nusu ingine iko wapi? Ama ameficha mke huko gizani?*

Rukundo akamrudishia simu. Baba yake Kerubo alikuwa ametaka jambo moja tu: kabla ya kupokea wazee wa posa, amwone kijana. Viza ya kuja Marekani hakuna, basi kijana ajirekodi. Naye Rukundo akajirekodi alivyozoea kumuiga Hackl, mpiga picha wa sinema za kale za Hollywood anayemhusudu: taa moja, chini, upande wa kulia. Kushoto, giza la kaburi.

"Chérie wangu, ile ni sanaa. Mzee Hackl alianza kwa kubeba nyaya, akaishia kuwa bwana wa vivuli wa studio nzima. Miaka yote ni sinema za mizimu na mauaji. Kuna mwigizaji alikuwa na kovu, hakuna mtazamaji aliyeliona! Akiomba apige sinema ya mapenzi, mabosi wanacheka."

"Walijua wanachokicheka. Yeye mwenyewe alioa?"

"Aliachwa. Mara mbili."

"Si unaona!"

Rukundo alitaka kucheka, mdomo ukakataa. Kerubo akashusha sauti.

"Hii si sanaa, mpenzi. Umewaficha shavu lako."

Shavu la kushoto, kuanzia sikioni hadi kidevuni, ngozi ilikuwa imekunjamana kama nailoni iliyopitiwa na moto.

"Wakiliona watasema umekosa wanaume Minnesota nzima."

"Na wasipoliona, una mke. Chagua."

Simu ikaanza kuita. Ni baba, kwa video.

"Usipokee! Ngoja kwanza nipange taa..."

"Baba, habari ya jioni? Ndiyo, yuko hapa."

Msaliti! Rukundo akashika swichi. Akafumba macho, akawasha taa zote, akakaa mbele ya simu.

Mzee akamkodolea macho bila kupepesa. Alidhani mtandao umekatika. Akaomba uwe umekatika.

"Sogea karibu," mzee akasema.

Akasogea.

"Uuuwi! Nini hiyo, mwanangu?" Mama akaingiza kichwa.

"Moto, mama. Kwenye kambi ya wakimbizi, nikiwa mdogo. Niliangukia jiko la nyanya yangu."

"Pole sana!"

"Ni hilo tu ulikuwa unaficha?" mzee akauliza.

"Ni hilo tu, baba."

"Mke huna?"

"Hata paka sina, baba."

Mama akaangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Kijana, ukimficha msichana wangu kitu vile umenificha mimi, hiyo viza nitaitafuta, nikufuate huko huko."

"Sitarudia, baba."

"Wazee wako wa posa ni akina nani?"

Rukundo akawahesabu kichwani. Vita vilikuwa vimewamaliza karibu wote.

"Nina mjomba mmoja tu, Thaddée, anakaa mtaa wa Phillips. Lakini baba, nisikufiche: anapenda ubishi sana."

"Mpe namba yangu," mzee akasema, akivuta kiti. "Mwambie nimekaa, namsubiri."