Pini za Bwana Moncur

Sikutaka kushuka stoo. Niseme hivyo tangu mwanzo, mtu asije akadhani mimi ni jasiri.

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, Disemba, na Edinburgh mwezi huo giza linaingia hata hujamaliza chai. Miguu ilikuwa imenivimba. Zilibaki wiki tatu nistaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kutunza karatasi za marehemu kwenye chuo cha wapasuaji, na nilikuwa nimechoka uchovu ule usioisha hata ukilala.

Lakini mzee Rab Petrie alikuwa juu, chumba cha kusomea, na huyo hakuwa mtu wa kuambiwa njoo kesho. Miaka themanini na miwili. Tangu Septemba alikuja kila Jumatano kwa basi kutoka Musselburgh, koti amelifunga mpaka kidevuni, na swali lake lilikuwa lile lile. Mwaka 1946, yeye na pacha wake Jean, wakiwa na miaka sita, waliugua tumbo wiki moja. Wote wawili walipelekwa kwa Bwana Moncur, mpasuaji, wakapasuliwa siku moja. Rab alipozinduka, kitanda cha Jean kilikuwa kitupu. Wazazi wakamwambia dada yake amepelekwa Kanada kwa shangazi, kwenye hewa nzuri. Barua haikuja hata moja. Wazazi wakafa na siri yao moyoni.

Alitaka kusoma kadi ya matibabu ya Jean tu, basi. Na mimi, kwa wiki kumi na mbili, nilikuwa namjibu kwa sheria. Kadi yako mwenyewe ruksa, mzee, lakini ya mgonjwa mwingine haifunguliwi mpaka ipite miaka mia moja. Mwaka 2046. Siku ya kwanza nilipomwambia hivyo aliniuliza kwa upole kama nadhani atakuwapo.

Jumatano hiyo alikuja uso umempauka kama chokaa. Alisema kovu lake la tumboni limeanza kumuuma tangu jana, kovu ambalo halikuwa limemuuma tangu utotoni.

"Binti," akaniambia. Mimi nina miaka sitini na mitatu, na jina langu ni Una. "Leo usinipe sheria. Nimechoka."

Watu wawili waliochoka huelewana haraka. Nikamwambia namletea.

Sasa hiyo jana. Lazima nieleze nilichofanya jana yake, maana kosa ni langu.

Karatasi za Sir Farquhar Moncur zilikuja kwetu katika maboksi arobaini na moja. Mtoto wa mhunzi kutoka Fife, akapanda mpaka akawa mpasuaji ambaye wenye vyeo walimtaka na maskini hakuwakataa. Barua zilikuwamo, mihadhara, daftari za vita vya kwanza vya dunia alipokuwa akikata miguu ya askari ndani ya hema. Na picha yake iko ukutani kwetu, mikono mbele, mikubwa mno. Naye alikuwa Bwana, si Daktari. Ukimwita mpasuaji wa kwetu daktari, amekasirika mpaka Pasaka.

Mjukuu wa dada yake, Bi Grizel, ndiye aliyeyaleta maboksi kwa gari lake. Alipokuwa akiondoka aligeuka mlangoni akasema mama yake aliagiza pini zisiguswe. Nikamjibu ndiyo, ndiyo. Kila anayetuletea karatasi ana maagizo ya mama aliyekufa.

Na pini kwetu ni adui. Zinashika kutu, kutu inakula karatasi, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzing'oa. Ila kuna utaratibu unaofundishwa wiki yako ya kwanza kazini. Ukitoa pini, zile karatasi mbili zilizokuwa zimebanwa pamoja unazilaza pamoja ndani ya karatasi nyingine iliyokunjwa, ijulikane zilitembea pamoja.

Jumanne sikufanya hivyo. Boksi la mwisho lilikuwa na kadi sabini na nne za wagonjwa, zimebanwa mbili mbili. Mgongo ulikuwa unaniuma. Nikang'oa pini thelathini na saba nikazitupia kwenye kisosi, kisha kadi zote nikazipanga kwa tarehe kama karata. Hata sikuzisoma. Nilimaliza mapema na nikafurahi, Mungu anisamehe.

Basi nikashuka.

Taa za stoo yetu zina tabia yake. Ukisogea zinawaka. Usiposogea dakika tatu zinazima, ndiyo maana sisi wa kule chini tunapunga mikono hewani kama wendawazimu. Nikaketi mezani, nikafungua boksi, nikaitafuta 1946.

Ya Rab ilikuja kwanza. Saa nne asubuhi. Kazi rahisi, imekwenda vizuri. Kwenye mstari wa vitambaa, vile vya kufyonzea damu ambavyo ni lazima vihesabiwe kabla mtu hajashonwa, palikuwa patupu. Hawakuhesabu.

Ya Jean ilikuwa nyuma yake. Saa tano, siku hiyo hiyo. Vitambaa vilivyoingia, kumi na viwili, dazeni ile ile ya saa nne, imechemshwa tu. Vilivyotoka, kumi na kimoja. Chini yake, kwa mwandiko uliopinda: *Tumetafuta kwa saa mbili. Hakipo. Amekufa mezani akiwa wazi.* Na msalaba mdogo mweusi kwenye kona.

Niliisoma mara tatu. Nikakaa nayo mkononi, nikiwaza jinsi nitakavyopanda juu kumwambia mzee wa watu kwamba hakukuwa na Kanada. Nilikaa hivyo muda mrefu sana, kimya, sijatikisa hata kidole.

Na taa hazikuzima.

Nikatazama juu. Nikangoja.

Hazikuzima...

Kulikuwa na kitu kingine kinatembea mle ndani.

Kisha ikaja harufu. Ile sabuni kali ya hospitali za zamani, na chini yake harufu ya buchani. Halafu sauti, mbali, nyuma ya rafu za mwisho. Ya mwanamume mzee, imechoka kuliko mimi.

"...tisa... kumi... kumi na moja..."

Kimya. Pumzi ndefu. Kisha akaanza tena kutoka moja.

Simu ya mezani ikalia, nikaruka nusura nianguke. Alikuwa mzee Petrie, anapiga kwa simu ya chumba cha kusomea. Alikuwa ananong'ona.

"Nani ameleta watoto huku juu?"

"Hakuna watoto, mzee."

"Basi kuna nini, binti? Kuna mkono umenishika. Na mwingine. Mingine ni mikubwa. Wananivuta hapa tumboni, pale palipopasuliwa."

Hapo ndipo nilipokumbuka daftari la mwaka 1919. Nilikuwa nimelisoma mwezi uliopita nikacheka. Moncur alirudi kutoka vitani hawezi kulala. Aliandika kwamba waliofia mezani kwake wanakuja usiku kudai wafungwe. Muuguzi wake mkuu, Oighrig, mwanamke wa kisiwa cha Lewis ambako mambo hayo wanayajua, alimwambia ukweli wake: anayekufa akiwa wazi humwandama yule aliyepasuliwa kwa mkono ule ule akapona. Mbane pamoja na mmoja aliyepona, karatasi yake kwa karatasi ya huyo, chuma kipite katikati, hapo hatatembea tena. Bwana Moncur, msomi mkubwa, akaandika chini yake: *Upuuzi.* Na tarehe iliyofuata, neno moja tu.

*Nimelala.*

Nikazigeuza kadi. Msalaba. Hakuna msalaba. Msalaba. Thelathini na saba waliokufa, thelathini na saba waliopona. Na hao waliopona, nilipotazama miaka yao ya kuzaliwa, wote walikwisha kuzikwa zamani kwa uzee wao. Amebaki mmoja tu aliye hai wa kuandamwa, naye amekaa juu kwenye kiti cha wasomaji, ameshika simu. Mimi ndiye niliyewafungulia wote waende kwake.

Nikamwambia asikate. Nikaiweka simu wazi mezani, nikavuta kisosi cha pini.

Pini ya kutu huacha alama. Tundu mbili na mstari wa kahawia katikati yake, na hakuna mstari unaofanana kabisa na mwingine. Kwa hiyo nikaanza kutafuta tundu kwa tundu, kutu kwa kutu. Miwani inateleza. Ya kwanza ilinichukua dakika nzima. Nikaibana.

"Mmoja ameniachia," ikasema simu.

Nikabana ya pili. Ya tatu. Sikuinua macho, maana kila nilipotaka kuinua nilihisi mtu amesimama upande wa pili wa meza, karibu mno, anasubiri zamu yake. Ya kumi. Ya ishirini. Pini moja ikanichoma, damu ikadondokea kadi, sikujali. Harufu ile ya buchani ilipungua kila nilipobana, na mzee akawa ananiambia kwa sauti ndogo, huyu kaniachia, na huyu, na huyu.

Kuhesabu tu ndiko hakukukoma.

Ya thelathini na sita.

Zikabaki kadi mbili. Rab na Jean. Tundu kwa tundu, kutu kwa kutu. Nikaishika pini ya mwisho.

"Amebaki mmoja," akasema mzee Petrie. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mdogo. Kidole chake cha mwisho kimepinda."

Nikaisogeza pini karibu na tundu.

"Nilimbana na mlango mimi. Tulikuwa na miaka minne. Binti, huyu ni Jean."

"Ni yeye, mzee. Hakwenda Kanada. Alifia mezani."

Nilimsikia akivuta pumzi. Hakulia. Nadhani alikuwa ameshajua miaka mingi, alitaka tu mtu amwambie.

"Pini yake unayo mkononi?"

"Ninayo."

"Mwache."

Nilimwambia sijui kitakachotokea. Nilimwambia wale wengine walikuwa wanamvuta, na huyu naye atamvuta. Akanijibu kwamba Jean havuti, amemshika tu, na kwamba yeye hana mke wala mtoto, na nyumba yake jioni ina sauti ya jokofu peke yake.

"Miaka sabini na sita, Una. Mwache anishike."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

Nami bado nilikuwa naisikia ile sauti nyuma ya rafu. Kumi... kumi na moja... Nilipaswa kumwambia. Nilipaswa kumwambia kwamba Jean si peke yake aliyebaki nje. Lakini miguu ilikuwa inaniuma, na nilitaka mambo yaishe, na nilijidanganya kwamba ile sauti ni mwangwi tu wa uchovu wangu. Nikairudisha pini kwenye kisosi.

Nilipozima kompyuta na kufunga boksi, stoo ilikuwa kimya. Kimya kabisa. Nikashukuru, badala ya kujiuliza amekwenda wapi.

Nilimsindikiza kituoni. Rangi ilikuwa imemrudia usoni. Basi liliposimama alisimama pembeni kwanza, mkono ameushusha chini kidogo, akangoja kama unavyomngojea mtoto apande ngazi, kisha naye akapanda. Dereva alinitazama. Mimi nikatazama barabara.

Ijumaa adhuhuri alinipigia simu kazini.

"Jean yupo," akasema. "Tumeshinda vizuri jana. Nilipika uji wa shayiri, nikaweka bakuli mbili, usinicheke." Halafu akashusha sauti. "Lakini hakuja peke yake. Kuna bwana nyuma yake tangu alfajiri, amekunja mikono ya shati. Ana mikono mikubwa. Anahesabu."

Mikono hiyo niliijua, ni ile ya picha yetu ukutani. Sijui nilitelemka vipi ngazi zile na magoti haya. Nilifungua boksi, nikaitwaa pini ya mwisho, nikazibana kadi mbili zile kwa nguvu mpaka chuma kikaingia kwenye kucha. Nikapanda. Nikampigia. Simu iliita mpaka ikakatika yenyewe. Nikapiga tena, na tena.

Jirani ndiye aliyemkuta, kitandani, ameshafariki. Daktari alisema moyo. Kwenye miaka themanini na miwili hakuna anayebisha moyo.

Jumatatu akanipigia mwenye kazi ya mazishi, kijana mmoja mpole, jina lake Fraser. Alisema ameikuta namba yangu mfukoni mwa marehemu, na hakujua amuulize nani mwingine. Alitaka kujua mzee Petrie alipasuliwa lini.

Nikamwambia mwaka 1946.

Akasema hapana, anauliza hii ya juzi. Maana tumbo limeshonwa upya, pale pale penye kovu, kwa uzi wa hariri, kazi safi ambayo hajapata kuiona mahali. Na kitandani hapakuwa na tone la damu. Halafu akasema kuna kitu kingine, samahani kama ni jambo la familia. Juu ya kabati la kando ya kitanda kulikuwa na kitambaa kidogo, kimefuliwa, kimekunjwa mara nne. Cha zamani sana, kimekuwa cha njano. Je, akitupe?

Nilikuwa namwona mtoto wa miaka sita mezani, ameachwa wazi saa mbili nzima, watu wazima wameinama juu yake wanatafuta ndani yake kitu ambacho saa moja kabla walikuwa wamekishonea ndani ya kaka yake.

Nikamwambia akizike naye.

Akauliza kwa nini. Nikamwambia ni chake, alikuwa nacho tangu 1946.